Sista, miguu haiumi tena

Kuna sentensi moja ambayo nikiisikia kliniki hunishtua kuliko malalamiko yote, na anayeisema huwa anatabasamu: "Sista, namshukuru Mungu, miguu haiumi tena." Miezi michache nyuma mtu huyohuyo alikuwa hapati usingizi. Nyayo zinawaka moto, vidole vinachomachoma, shuka likimgusa usiku analirusha kando. Sasa kimya. Ameshamsimulia jirani kwamba zile dawa za mizizi alizonunua sokoni zimefanya kazi, na leo amekuja kuchukua vidonge vya sukari tu, ana haraka zake. Namwambia, "Alhamdulillahi, baba. Vua viatu tuone."

Mimi ni muuguzi. Nimekaa kliniki ya kisukari hapa Tanga muda mrefu kiasi kwamba wengine nawatambua kwa miguu kabla ya sura. Naandika haya kwa sababu pale mezani benchi zima linasubiri, na maelezo ninayotaka kuyatoa hayaenei kwenye dakika tano nilizonazo kwa kila mtu. Mguu uliokuwa unauma ukaacha, si habari njema mpaka upimwe. Nikisema hivyo tu, mtu ananiona namtisha. Ndiyo maana nataka kwanza nieleze ngozini kuna nini.

Tunazungumzia hisia za ngozi kana kwamba ni kitu kimoja, ama unacho ama huna. Unyayo wako una vipokezi vya aina kadhaa, kila kimoja kina kazi yake na hakiingilii ya mwenzake. Kuna vinavyojali kitu kilichokandamiza na kubaki palepale. Hivi vimepewa jina la Merkel, na ndivyo vinavyokujulisha ukingo wa kokoto ndani ya kiatu. Vya Meissner viko juujuu, karibu kabisa na ngozi ya nje, vinahisi mguso mwepesi unaosogea: sisimizi anayetambaa, glasi inayoanza kukuponyoka. Vya Ruffini viko chini zaidi na hushtuka ngozi inapovutwa. Vya Pacini vinashughulika na mtetemo. Halafu kuna ncha tupu za mishipa ya fahamu, hazina kifuko wala ganda lolote, zimetawanyika kila mahali, na hizo ndizo zinazopokea joto, baridi, mwasho na maumivu.

Havikugawanywa sawa mwilini. Chukua waya mwembamba, ukunje ncha zake mbili ziachane milimita tatu hivi, kisha mwambie mtu afumbe macho umguse nazo kidoleni. Atakwambia ni mbili. Mguse mgongoni kwa waya huohuo, ataapa ni moja. Mgongoni unaweza kuzitenganisha mpaka zikakaribia sentimita nne ndipo aanze kuona kuna mbili. Kwenye ngozi ya kiganja na vidole vya mkono mmoja, watafiti wa Uswidi mwaka 1979 walikadiria kuna nyuzi za mishipa ya mguso zipatazo 17,000. Ndiyo maana mama anapapasa mchele gizani akatoa kijiwe, wakati mwanawe anaweza kubandikiwa karatasi mgongoni na wenzake shuleni akazunguka nayo mpaka mapumziko.

Hao kina Merkel, Meissner na Ruffini ni watu waliovichungulia vipokezi kwa darubini katika karne ya 19, na sina la ziada kuwahusu. Ila Filippo Pacini ananifurahisha, acha nitoke njiani kidogo. Mwaka 1831, akiwa mwanafunzi wa udaktari mjini Pistoia, Italia, alikuwa anachambua mkono wa maiti akaona vijipunje vyeupe vimeng'ang'ania mishipa ya fahamu ya vidole. Aliviona kwa macho matupu, kwa sababu kipokezi hicho kinafikia urefu wa milimita moja. Ukikikata katikati utakuta matabaka yamezungukana kama kitunguu, na ndani kabisa ncha ya mshipa. Matabaka yale yana maana yake. Ukikandamiza polepole na kubaki hapo, yanatelezeana na kuupoza msukumo, ncha ya ndani haipati habari. Kinachopenya mpaka ndani ni badiliko la harakaharaka, yaani mtetemo, na hasa ule wa mara 200 mpaka 300 kwa sekunde. Ukikaa sebuleni ukahisi lori limepita barabarani kabla hujalisikia, hapo ni Pacini.

Mtu huyohuyo, mwaka 1854, kipindupindu kilipoingia Florence, alitazama matumbo ya waliokufa kwa darubini akakiona kijidudu chenyewe na akakiandika. Dunia ikampuuza. Sifa akaja kuzichukua daktari Mjerumani, Robert Koch, miaka 30 baadaye. Sisi wa pwani tuliochemsha maji ya kunywa kila mvua za masika zinapozidi tuna deni kwa bwana huyu mara mbili, na mitaani kwetu hakuna anayemjua.

Turudi miguuni. Seli ya mshipa inayotoka kidole gumba cha mguu, kiini chake hakiko mguuni. Kiko kando ya uti wa mgongo, kiunoni, na kutoka hapo seli hiyohiyo moja inanyoosha uzi wake mpaka kidoleni, karibu mita nzima kwa mtu mrefu. Chakula na vipuri vyote vya ncha ya kule chini vinasafirishwa kutoka juu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, inaharibu uzi wenyewe na pia vijishipa vya damu vinavyoulisha. Kinachokufa kwanza ni kilicho mbali zaidi. Kwa hiyo ganzi ya kisukari huanza vidoleni, miguu yote miwili, ikapanda taratibu kufuata umbo la soksi. Ikishafika magotini, ndipo na ncha za vidole vya mikono zinaanza, kwa kuwa sasa urefu unalingana. Fundi cherehani mmoja aliponiambia siku hizi anashindwa kutia uzi kwenye sindano, sikuanza na mikono yake. Nilimpandishia gauni nikampima mguu kuanzia chini mpaka nilipofika gotini.

Na ule moto wa usiku? Ni nyuzi zinazoumia ambazo bado zina uhai. Zinapeleka taarifa za joto na maumivu hali hakuna joto wala jeraha. Zikishakufa kabisa, hazipeleki kitu. Kwa nje, aliyepata nafuu ya kweli na ambaye mishipa yake imekufa wanasema maneno yaleyale: haiumi tena. Wapo wanaopata nafuu kweli, hasa waliodhibiti sukari mapema au waliopewa dawa ya maumivu ya mishipa ikawakubali. Hatuwatofautishi kwa kuwatazama usoni. Tunapima.

Vifaa vyetu ni vya bei ndogo, na ni vizuri kuliko mashine nyingi nilizowahi kuona zimefunikwa kitambaa kwenye kona za hospitali. Cha kwanza ni kipande cha uzi mnene wa nailoni uliowekwa kwenye mpini. Umetengenezwa ili ukiusukuma wima kwenye ngozi, unapinda ukifikia nguvu ya gramu 10, hauwezi kuzidi hapo. Asiyeuhisi huo unyayoni hana tena ulinzi wa kutosha wa kutembelea. Uzi huu unachoka, watu kama kumi hivi kisha unapumzishwa mpaka kesho. Cha pili ni chuma chenye umbo la uma kinachotetema mara 128 kwa sekunde. Unakigonga, unakiegesha kwenye mfupa wa kidole gumba, unamuuliza mtu kama kinatetema na kimeacha lini.

Kuna mzee mmoja, amekata mkonge ujana wake wote huko mashambani, miguu yake imeshapita kila aina ya ardhi. Siku hiyo alikuja na mkewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi mzima kabisa, huyu mama yenu ndiye anayesumbua."

Nilimlaza kitandani. Kwanza nikamgusa na uzi kwenye paji la uso, ili ajue anachosubiri. "Unausikia?" Akausikia. Nikamwambia afumbe macho, kila nikimgusa mguuni aseme ndiyo. Nikachukua kalamu kwanza nirekebishe jina kwenye kadi. "Ndiyo," akasema. Sijagusa kitu. Nikageuka, mkewe ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanacheza. "Ndiyo," akasema tena, kwa sauti ya mtu anayejibu mwalimu.

Hili ni la kawaida sana na wala hakuwa anadanganya. Ubongo ukinyimwa taarifa hukisia, na mtu mzima hapendi kushindwa mtihani mbele ya mkewe. Ndiyo maana tunabadili: mara unagusa kweli, mara unauliza bila kugusa, na hurudii mwendo uleule. Nikaweka uzi chini ya kidole gumba, ukapinda mpaka ukafanya upinde. Kimya. Kwenye unyayo, nyuma kidogo ya vidole, upande wa kidole gumba, kimya. Upande wa kidole kidogo, nikasogea pembeni kidogo kukwepa sugu, maana juu ya sugu hupimi kitu. "Ndiyo." Mguu mwingine hivyohivyo, sehemu anajibu, sehemu hajibu. Uma nilipoegesha kidoleni alisema, "Umeweka chuma baridi." Kutetema hakuhisi. Kwenye kifundo cha mguu, hajui. Nilipofika gotini ndipo akacheka, "Aa, hicho sasa kinanguruma."

Tazama hapo. Baridi ya chuma aliihisi. Mtetemo wa chuma hichohicho, mahali palepale, hakuuhisi. Nikamshika kidole gumba kwa pembeni nikakikunja juu na chini, akaniambia upande bila kukosea. Vipokezi vingine vimekufa, vingine vinapumulia pembeni, vingine bado vizima. Mtu aliyebaki na hisia nusunusu namna hii ndiye anayejiona mzima kabisa, kwa sababu akikanyaga sakafu bado anajua amekanyaga sakafu.

Karibu na lile sugu kulikuwa na kidoa cheusi. Nikapitisha mgongo wa mkono wangu, pale pana joto kuliko pengine. Nilipokandamiza kikatoka kijimaji.

"Mzee, huu mwiba umekuingia lini?"

"Mwiba gani?"

Ilikuwa ncha ya jani la mkonge, ile ngumu nyeusi, anayeijua anajua inavyouma. Imekatikia ndani na nyama imeshaanza kuchimbika chini ya sugu. Mkewe hakucheka tena. Alisema tu kwamba walikwenda shamba Jumapili ya wiki iliyopita, na leo tayari ni wiki nyingine. Amepona, alhamdulillahi, kidonda kilifunga baada ya muda mrefu wa kusafishwa na kuambiwa asikikanyagie.

Mtu mwenye mishipa mizima angefanyaje? Mwiba ukipenya, ncha tupu zinapasha habari kwa nyuzi za aina mbili. Za kwanza zina ala nyembamba, zinapeleka kwa kasi ya mita 5 mpaka 30 kwa sekunde: huo ndio uchungu mkali wa papo kwa papo, na uti wa mgongo huurudisha mguu juu kabla ubongo haujajua kitu. Za pili hazina ala, zinajikokota mita moja hivi kwa sekunde, na kutoka kidoleni taarifa yao inachelewa hata sekunde nzima. Ukijikwaa kidole cha mguu kwenye kizingiti unavijua vyote viwili: kwanza ule wa kuruka, kisha unasubiri, unajua unakuja, halafu unakuja ule mzito wa kukaa chini. Uchungu huu wa pili ndio unaokufanya uchechemee siku tatu, na kuchechemea ndiko kunakoponya. Yule mzee hakuchechemea. Aliutembelea mwiba wake mpaka sokoni na msikitini.

Jambo la joto nalo lina kisa chake, na hapa nawaomba muende nami mpaka jikoni. Ukikata pilipili kichaa kisha ukajisahau ukajipangusa jicho, unahisi moto. Si mfano, mwili unaamini kabisa ni moto. Kwenye zile ncha tupu kuna protini iitwayo TRPV1, inakaa kwenye ganda la seli ikiwa imefungwa. Joto likifika kama nyuzi 43 za Selsiasi inafunguka, chembe za kalsiamu na sodiamu zenye umeme zinaingia, ishara inaondoka. Kapsaisini ya pilipili inaifungua protini hiyohiyo bila joto lolote. Timu ya David Julius kule California ndiyo iliyoipata mwaka 1997, kwa kutumia pilipili kuitafuta. Mentholi nayo ina yake, TRPM8, inayofunguka kwa ubaridi; Vicks kifuani haishushi joto la mwili hata kidogo, inakigonga tu kipokezi cha baridi. Kuku wangu wanadonoa pilipili kichaa uani tangu asubuhi wala hawahangaiki, kwa sababu TRPV1 ya ndege haiitambui kapsaisini. Mpanda mbegu wa pilipili ni ndege, mnyama anayetafuna mbegu akazivunja ndiye anayefukuzwa. Mtu akawa mkaidi.

Julius alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, Muarmenia aliyezaliwa Beirut akaondoka kijana wakati wa vita. Patapoutian na wenzake walikuwa wanatafuta protini ya mguso. Walichukua seli zinazotoa umeme zikidungwa na kijibomba chembamba, wakaorodhesha jeni 72 zinazoshukiwa, wakawa wanazizima moja baada ya nyingine waone lini seli itaacha kujibu. Ilikuwa ya mwisho. Walitangaza mwaka 2010, wakaziita Piezo1 na nduguye Piezo2. Hii ya pili ndiyo iliyoko kwenye vipokezi vya Merkel na wenzake: ganda la seli likivutwa, mlango unafunguka. Mguso wote mpole ulioupata tangu umezaliwa umepitia humo. Mtu akiniuliza ile subira ya jeni 72 walipata wapi, namwambia aje akae kliniki yetu siku kadi zimepotea.

Maji ya moto sasa. Huu ndio ugomvi wangu na mtaa mzima. Mtu akihisi ganzi au ubaridi miguuni, ushauri wa kwanza atakaopewa, na shangazi, na jirani, na muuza dawa mmoja ambaye simtaji, ni kukanda miguu kwa maji ya moto na chumvi. Mwenye miguu mizima akitumbukiza kwenye beseni lenye nyuzi 60 anaruka kabla hajakaa. TRPV1 imefanya kazi yake. Ambaye ncha zake zimekufa anakaa. Anaongea, anakunywa chai, anaongezewa maji kutoka kwenye birika kwa sababu "bado hayajapasha". Kwa nyuzi hizo ngozi inaungua kwa sekunde chache tu. Nimewapokea wakiwa na malengelenge yanayozunguka mguu mzima mpaka usawa wa maji yalipoishia, umeona mstari umenyooka. Wengine hawakuhisi kitu mpaka ngozi ilipobaki kwenye taulo. Kama ni lazima uoge maji ya vuguvugu, pima kwa kiwiko. Kiganja cha anayepika kila siku kimezoea joto, na ncha za vidole zinaweza kuwa tayari zimeanza.

Ganzi, hatimaye, si ya kisukari peke yake. Aliyetufundisha kuiogopa ni daktari mpasuaji Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India akafanya kazi mji wa Vellore hukohuko kuanzia mwaka 1946 kati ya wagonjwa wa ukoma. Watu wote, madaktari wakiwemo, waliamini kwamba nyama ya mwenye ukoma huoza yenyewe, vidole vinadondoka. Yeye akakaa akawatazama. Akaona mtu anazungusha ufunguo mgumu mpaka kidole kinachanika hana habari, mwingine anashika sufuria la moto. Bakteria wa ukoma alikuwa ameua mishipa, yaliyobaki ni ajali ndogondogo za kila siku ambazo hakuna aliyezihisi. Na wengine waliamka asubuhi kidole kimepungua: panya. Suluhisho likawa kumpa mgonjwa paka wa kulala naye.

Nilidhani hiyo ni hadithi ya mbali mpaka niliposoma kazi ya Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam, iliyochapishwa mwaka 2005, kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usingizini. Wale panya wa kwetu, wanaokuja kwenye makombo, wanatafuna mguu usio na hisia na mwenye mguu analala mpaka alfajiri. Nikawauliza wagonjwa wangu, na sasa nauliza kila anayekosa kuhisi uzi: unalala kitanda au chini? Chandarua unachomeka chini ya godoro? Chandarua cha mbu kikichomekwa vizuri kinasaidia kuzuia na panya.

Brand baadaye, akiwa Marekani, alijaribu kutengeneza maumivu ya bandia: glavu na soksi zenye vihisio vinavyopiga kelele mtu akikandamiza kupita kiasi. Kelele wakazipuuza. Wakaweka mshtuko wa umeme, wagonjwa wakawa wanauzima wanapotaka kufanya jambo, kisha wanauwasha tena. Uchungu wenye swichi haukumlinda mtu.

Kuna kipokezi kingine ambacho wagonjwa hawakijui kabisa ila wanaanguka kwa kukikosa. Ndani ya misuli kuna vipimo vinavyohisi msuli umenyooka kiasi gani, na kwenye maungio pia. Kwa hivyo ukifumba macho bado unajua goti lako limekunjwa. Mwili husimama kwa kutegemea hivi, pamoja na macho, pamoja na sikio la ndani. Hivi vikilegea, macho yanabeba mzigo na mtu anatembea vizuri tu mchana. Halafu umeme unakatika. Au anainama kunawa uso wakati wa udhu, anafumba macho kuzuia maji, anapepesuka. Bibi mmoja aliambiwa na wanawe kuwa ana majini kwa sababu anaangukia bafuni tu. Nilimsimamisha miguu pamoja, nikamkinga kwa mikono pande zote, nikamwambia afumbe macho. Alianza kuyumba papo hapo. Mwanawe akanitazama. Tukazungumza kuhusu taa ya betri na kiti cha plastiki cha kukalia wakati wa kutawadha.

Macho na masikio nayapita. Yana wataalamu wake. Niseme tu kwamba seli za kupokea mwanga nyuma ya jicho nazo ni waathirika wa sukari, na ukiambiwa nenda kliniki ya macho kila mwaka usisubiri mpaka uone ukungu.

Nikija kwenye cha kufanya: mguu uliopoteza vipokezi vyake lazima ulindwe na vipokezi vya mahali pengine, yaani macho yako na mikono yako, au ya mtu wa nyumbani. Anayeswali ana bahati ambayo wengi hawaitumii. Anaosha miguu mara tano kwa siku. Basi moja kati ya hizo, tuseme ya magharibi, iwe ya kutazama: katikati ya vidole, kisigino, chini kabisa, kwa kioo kama hukunji mguu. Kausha katikati ya vidole, paka mafuta kisigino ila si katikati ya vidole. Ua wa msikiti ukiwa umepigwa na jua la saa saba usiuvuke pekupeku, vaa soksi nene, hakuna atakayekuuliza. Sugu usilichonge kwa wembe. Kidonda hata kidogo ni cha siku hiyohiyo, si cha Jumatatu.

Na viatu. Ingiza mkono ndani kabla ya kuvaa, upapase mpaka mbele, kila siku. Nimetoa humo msumari uliochomoza kwenye soli, kifuniko cha soda, na mara moja toi la mjukuu, kigari kidogo cha chuma ambacho bibi yake alitembea nacho tangu nyumbani. Malapa yanapitisha miiba, na katambuga zinapendeza kwa uimara wake lakini kagua misumari yake. Ukija kupimwa, njoo na viatu unavyovaa kila siku. Watu hunijia na vile vya harusi, vimepigwa rangi, na siwezi kujifunza lolote kutoka kwenye kiatu ambacho mguu haujakikaa.